Nusu ya Panya

Ua la sarana halipelekwi kwa bi harusi.
Ni jeusi, weusi wa kahawa iliyoungua,
limeinama kama mtu anayedaiwa,
na linanuka. Sisemi kwa fumbo: linanuka
kama soksi za Porfiri siku ya tatu ya uvuvi.
Inzi ndio wapenzi wake. Inzi, na mimi.

Maana chini, kiganja kimoja ndani ya matope,
limejifungia tunguu jeupe
la punje punje zilizoshikana,
utadhani kuna mtu alifinyanga tonge la wali
akalisahau ardhini.

Shangazi Glafira alinifundisha kutochimba.
Sikio lake moja lilikufa utotoni,
kwa hiyo alipiga kelele hata alipotoa siri:
"Muo wa nini? Mtafute panya! Yeye kachimba tangu Julai!"
Akafuata ukingo wa mto akikanyaga kwa kisigino,
tup, tup, tup,
mpaka ardhi ikajibu kama mtungi mtupu.
Hapo.

Akafunua nyasi kama afunuaye chungu cha jirani.
Ndani, ghala: sarana zimemenywa, zimesafishwa,
zimepangwa vizuri kuliko duka la ushirika
siku ya ukaguzi.
Tukachukua nusu, kwa vidole.
Pengo tukaliziba kwa mayai makavu ya samoni
na kipande cha flana,
naye akaongeza sindano yenye kutu.
"Sindano ya nini, shangazi?"
"Nani kakwambia hashoni?"

Kisha, akipangusa magoti,
kwa sauti ya kusikika ng'ambo:
panya aliyekombewa vyote hatafuti vingine.
Hupanda unyasi wenye panda,
huingiza shingo penye panda,
hujiachia.
Nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa na tumbo limeshiba.

Mwaka ule helikopta haikuja Septemba,
wala Oktoba.
Redio ilisema nchi imebadili jina;
haikusema unga uko wapi.
Porfiri alikwenda na mto mwezi Juni,
mashua ikarudi.
Inokenti alikuwa analamba gundi ya bahasha.

Nilikanyaga. Ardhi ikajibu.
Nikachukua nusu.
Nikamtazama mwanangu, kakaa juu ya gunia, kimya,
nikachukua nusu ya nusu.
Kisha nikafumba macho, nikakomba.

Sikuwa na samaki wa kuacha, wala kitambaa.
Niling'oa kifungo cha koti la Porfiri,
cha shaba, chenye nanga,
nikakiweka katikati ya ghala tupu
kama mtu anayenunua ng'ombe kwa ahadi.

Tulikula mpaka Machi, nimezisaga na mafuta ya sili.
Uchungu kwanza, halafu utamu
unaochelewa na usioomba radhi.
Usiku niliota nyasi.
Theluji ilipoyeyuka nilipita upande mwingine wa mto,
kama mdaiwa apitaye nyuma ya duka.

Mwaka wa pili, hatua arobaini kutoka pale,
kisigino kikasikia.
Sarana, zimemenywa, zimepangwa.
Na katikati yake, safi kuliko nilivyokiacha,
kifungo.
Ukingo umetafunwa. Nanga ipo.
Yule yule, au mjukuu wake? Panya hawaishi sana.
Labda alikijaribu, akakiona ni tunguu gumu,
akakitunzia njaa kubwa zaidi.

Nikachukua nusu. Nikaacha mayai ya samoni
viganja vitatu, vinne.
Kifungo nilikishika mpaka kikapata joto,
nikakirudisha.

Sasa Inokenti yuko Petropavlovsk,
ana mchele, gunia zima, na mke asiyependa harufu.
Hupiga simu: "Mama, zile za panya,
ladha yake ilikuwaje?"
Namwambia njoo Agosti.
Kazi, mama.

Basi nakwenda peke yangu, tup, tup,
napiga kelele kama Glafira ingawa nasikia vizuri.
Mwaka huu nimebeba sindano.
Mpya. Na uzi.